Mwezi Umeandama kwa Nani? Anga, Ushahidi na Mamlaka katika Historia ya Pwani

Kila mwaka, jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani, jambo moja hujirudia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Wazee hutoka nje jua linapokaribia kuzama, wakaelekeza macho magharibi. Vijana hubaki barazani, wakaelekeza macho kwenye simu. Kufikia saa mbili za usiku nyumba hiyo moja huwa imepokea habari mbili au tatu zinazopingana: mwezi umeandama, mwezi haukuandama, umeandama kwingine lakini si kwetu. Asubuhi yake hutokea baba akawa amefunga na mwanawe akawa amevaa kanzu mpya. Mtumishi wa umma naye husubiri tangazo la Serikali ajue kama ofisi itafunguliwa, hata ikiwa yeye mwenyewe amekwisha kula Idi.

Hali hiyo huelezwa kwa kawaida kama aibu ya Waislamu, au kama uthibitisho kwamba elimu ya kale imeshindwa na zama. Nadhani maelezo yote mawili ni ya haraka mno. Siandiki ili kutoa fatwa; hilo lina wenyewe. Naandika kama mwalimu wa historia, nikiamini kwamba mabishano ya mwezi ni dirisha zuri la kutazamia swali kubwa zaidi: katika jamii yetu, nani ana haki ya kusema kwamba jambo limeonekana, na sisi wengine tunamwamini kwa msingi gani? Swali hilo halimhusu Mwislamu peke yake. Linamhusu kila raia anayeishi chini ya matangazo ya ofisi.

Neno moja, vitu viwili

Katika Kiswahili, mwezi wa mbinguni na mwezi wa kalenda ni neno moja. Huo si umaskini wa lugha, ni kumbukumbu. Neno lenyewe linatukumbusha kwamba hapo zamani kipimo cha muda na kitu kilichokuwa kikionekana angani havikutengana. Leo tunaposema "mwisho wa mwezi" tunamaanisha mshahara, na anga haina habari nao.

Mwezi wa angani, kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine, huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa kuwa watu hawawezi kuanza mwezi mpya katikati ya mchana, kila mwezi ukawa wa siku 29 au 30, wala hakuna wa 31. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354 hivi, pungufu kwa siku 11 kuliko mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na katika muda wa miaka 33 hivi huwa imepita katika majira yote, masika na kiangazi, kaskazi na kusi.

Waswahili hawakuichukua hesabu hiyo kama ilivyotoka Uarabuni. Waliipanga kwa maisha yao. Mwezi wa Shawali wakauita Mfunguo Mosi, kwa maana ndio unaofungua baada ya saumu. Unaofuata Mfunguo Pili, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani vikabaki na majina yake. Mwaka mzima ukawa unahesabiwa kuanzia siku watu walipokula. Idi Kubwa ikaangukia Mfunguo Tatu, Maulidi ikaangukia Mfunguo Sita, na hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu.

Wala mwezi haukuwa wa ibada tu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Katika bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani ya Mombasa na Unguja hufika takriban meta 4, na miamba isiyoonekana siku nyingine hujitokeza. Kina mama wanaokwenda pwani kutafuta pweza na chaza hawahitaji kalenda ya ukutani; wanajua siku yao kwa kutazama juu. Wavuvi wa dagaa, baharini na katika maziwa yetu makuu, hutaka kinyume chake: giza. Taa zao huwavuta dagaa pale tu mbalamwezi isiposhindana nazo, ndipo katika siku za mwezi mpevu wengi wao hupumzika. Kwa hiyo, kabla ya kadhi na kabla ya Serikali, mwezi ulikuwa tayari unaendesha uchumi.

Shahidi na kadhi

Sheria ya Kiislamu iliyofika pwani ilitoa jawabu rahisi kwa swali la mwanzo wa mwezi: funga kwa kuuona, fungua kwa kuuona, na mawingu yakiuficha basi timiza siku 30. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, na madhehebu hayo ndiyo yaliyoendelea kutawala mwambao hadi leo, hata baada ya watawala wa Oman, ambao ni Waibadhi, kuhamishia makao yao Unguja katika karne ya 19.

Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyojengwa. Haikusema mfalme akitangaza. Haikusema mwenye elimu ya nyota akihesabu. Ilisema mwezi ukionekana, na wa kuuona angeweza kuwa mtu yeyote mwadilifu: mvuvi, mchunga mbuzi, mpanda minazi. Kwa Mashafi, shahidi mmoja mwadilifu hutosha kuingiza Ramadhani. Kuitoa huhitaji wawili, kwa sababu kuwafungulisha watu siku ya saumu ni jambo zito zaidi kuliko kuwaongezea siku. Kazi ya kadhi ilikuwa kumsikiliza shahidi huyo, kumhoji na kumpima, ndipo atangaze.

Mahojiano hayo hayakuwa ya adabu tu. Uliuona wapi? Kabla ya jua kuzama au baada? Ulikaa muda gani? Ulikuwa kulia au kushoto kwa mahali lilipozama jua? Pembe zake zilielekea wapi? Aliyezoea kutazama anajua kwamba upande unaong'aa wa mwezi mchanga huelekea jua, na pembe hutazama mbali nalo. Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta, mara nyingi hilali hulala kama dau juu ya maji, pembe zake zikiwa juu. Shahidi akisema pembe zilielekea chini, kule jua lilikozama, basi ama macho yamemdanganya ama ulimi wake unadanganya. Hapa ushahidi wa mtu na elimu ya anga havikuwa maadui. Kimoja kilikuwa chombo cha kukipimia kingine.

Sheria hiyo ilijua pia kwamba miji miwili inaweza kutofautiana bila mmoja wao kusema uongo. Hadithi inayonukuliwa zaidi katika jambo hili ni ya Kurayb, aliyetumwa kutoka Madina kwenda Sham wakati wa Muawiya. Huko waliuona mwezi usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas akamwambia kwamba wao waliuona usiku wa Jumamosi, nao wangeendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone. Kurayb akauliza kama haikutosha kuonekana kwa Muawiya na saumu yake. Akajibiwa kuwa haitoshi, na kwamba hivyo ndivyo Mtume alivyowaamuru.

Wanazuoni wamelijadili jibu hilo kwa karne nyingi, na sina la kuongeza katika fikihi yake. Mwanahistoria huona jambo jingine. Muawiya alikuwa mtawala wa Sham, na mwezi wake haukuwalazimu watu wa Madina. Katika ulimwengu ambamo habari zilikwenda kwa ngamia na kwa jahazi, kila mji ulikuwa na upeo wake wa macho na mwezi wake. Lamu ingeweza kula Idi leo na Kilwa kesho, na hakuna aliyeaibika, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Nyota za baharia na majina yaliyopotea

Lakini mwezi peke yake haukutosha. Mwaka wa mwezi unaorudi nyuma siku 11 haumwambii mkulima lini apande, wala nahodha lini atweke tanga. Kwa hiyo pwani ilikuwa na hesabu ya pili, mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi: siku 365, zilizogawanywa katika makundi ya siku kumikumi, ambayo kila moja huitwa mwongo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa kila Julai, ni mabaki hai ya hesabu hiyo. Kwa nyota, mkulima alitazama Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho jina lake limetoka katika kulima. Wazulu na Waxhosa wana neno lenye shina hilo hilo kwa nyota hizo hizo, jambo linaloonyesha kwamba Wabantu waliitazama anga na kuifanyia kazi mapema sana. Wazee wetu walisema kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huibuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huibuka na mvua. Hiyo ni kanuni ya hali ya hewa, ya watu waliotazama miaka mingi na kulinganisha.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikwenda mbali zaidi. Walipima kimo cha nyota kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo. Uzi ukashikwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao ukawekwa kwenye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar wa karne ya 15, aliandika elimu hiyo kwa nathari na kwa mashairi, na pwani yetu imo katika maandishi yake. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwezi Aprili 1498, alivuka hadi Calicut kwa muda wa siku 23 hivi kwa sababu alipewa rubani mjuzi wa njia hiyo. Kwa muda mrefu watu walimtaja Ibn Majid kuwa ndiye rubani huyo. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Lisilobishaniwa ni kwamba elimu iliyomvusha ilikuwa ya bahari hii.

Katika elimu hiyo, nyota zilizotulia zilitofautishwa na zile zinazotembea. Neno sayari lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kitembeacho. Zilijulikana tano, kwa kuwa tano ndizo zinazoonekana vyema kwa macho matupu: Utaridi, isiyoliacha jua ikaenda mbali, Zuhura, ing'aayo kuliko nyota zote, mara asubuhi mara jioni, Mirihi yenye wekundu, Mushtari, nyeupe na tulivu, na Zohali, ya manjano, iendayo polepole kuliko zote.

Sasa fungua baadhi ya vitabu vya shule na kamusi zetu za miongo ya karibuni. Utakuta sayari iliyo karibu zaidi na jua imeitwa Zebaki, kwa kuwa Kiingereza huliita jina moja sayari hiyo na madini yale ya majimaji. Utaridi, jina lake la haki, limehamishiwa Pluto. Zohali imepewa sayari ya saba, iliyogunduliwa na William Herschel kwa darubini mwaka 1781. Mahali pa Zohali pamewekwa Sarateni, ambalo si jina la sayari bali la kundi la nyota la Kaa, na Neptune, iliyogunduliwa mwaka 1846, imeitwa Kausi, ambalo ni kundi la nyota la Mshale. Yaani majina ambayo babu zetu waliyapa mataa yaliyoonekana kila usiku juu ya vichwa vyao yamechukuliwa, yakabandikwa kwenye vitu ambavyo wao hawakupata kuviona kamwe.

Kosa hilo halikufanywa kwa nia mbaya. Lilifanywa na watu wenye bidii waliokuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza upande mmoja na orodha ya maneno ya Kiswahili upande wa pili, bila kutoka nje kutazama. Ndivyo elimu ya jamii inavyoweza kufa hali maneno yake yangali hai.

Waya, kipande na redio

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi kutoka Aden uliingia Unguja. Kwa wafanyabiashara lilikuwa jambo la bei za karafuu na pembe. Kwa historia yetu ya mwezi lilikuwa jambo kubwa zaidi: kwa mara ya kwanza mji uliweza kujua, usiku ule ule, kilichoonekana katika mji mwingine ng'ambo ya bahari. Swali la Kurayb, lililokuwa la nadharia, likawa la kila mwaka.

Ukoloni ulileta pia muda wa aina nyingine. Katika mashamba ya mkonge na ya kahawa mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye visanduku 30, na kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama. Mwezi wake ulikwisha visanduku vilipojaa. Akiugua, mwezi ulirefuka. Msimamizi akikataa kutia alama, mwezi ulirefuka. Mwezi huo haukuandama wala haukupevuka, na aliyekuwa na haki ya kusema kwamba umekwisha alikuwa mtu mmoja mwenye kalamu. Naomba msomaji auweke moyoni mfano huu, kwa kuwa ndio kinyume kamili cha utaratibu wa shahidi na kadhi. Pale kila mwenye macho angeweza kusema. Hapa ni mwenye daftari tu.

Kadhi naye alibadilika. Wajerumani waliwatumia maliwali na maakida katika utawala wao. Waingereza, katika Unguja na katika ukanda wa pwani ya Kenya uliokuwa chini ya mkataba wa 1895 na Sultani, walizihifadhi mahakama za kadhi lakini wakaziweka ndani ya mfumo wa dola. Kadhi akawa na mshahara, ngazi na mkubwa wa kazi. Uadilifu wake haukutoweka kwa sababu hiyo, na historia inawajua makadhi wa enzi hizo waliokuwa wanazuoni wa hali ya juu, akiwamo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, na ambaye kabla ya hapo alianzisha magazeti ya Sahifa na al-Islah ili kuwazindua watu wake. Hata hivyo chanzo cha mamlaka kilikuwa kimesogea. Zamani kadhi alisikilizwa kwa kuwa mji ulimjua. Sasa alisikilizwa pia kwa kuwa Serikali ilimteua, na mtu asiyeipenda Serikali akapata sababu ya kutomsikiliza.

Kisha ikaja redio. Kufikia miaka ya 1950 Sauti ya Unguja na Sauti ya Mvita zilikuwa zikisikika katika mabaraza. Mzinga uliopigwa kutangaza mwezi ulifika hadi pale mlio wake ulipokoma. Redio haikuwa na mpaka huo. Tangazo la mji mmoja likageuka tangazo la nchi, na aliyekuwa akitangazia mji wake akajikuta anatangazia watu wasiomjua.

Dola huru na hilali

Uhuru haukuturudisha nyuma ya redio. Nchini Kenya, mahakama za kadhi zilibaki kwa makubaliano ya mwaka 1963, na baadaye zikaingizwa katika Katiba ya 2010. Nchini Tanzania, mwezi Desemba 1968, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku na BAKWATA ikaundwa. Visiwani, Sheria ya mwaka 2001 iliiweka ofisi ya Mufti katika maandishi ya dola. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na katika kila hatua sauti ya kutangaza mwezi ilikaribia zaidi ofisi ya umma. Sikukuu ni siku ya mapumziko ya taifa. Taifa linataka tarehe moja. Kwa hiyo taifa linataka mwezi mmoja. Hadi leo ratiba rasmi za sikukuu huandika kwamba Idi itategemea kuandama kwa mwezi. Ni sentensi ya ajabu katika waraka wa Serikali: mahali pekee ambapo dola ya kisasa inakiri kuwa inasubiri kitu isichoweza kukiamuru.

Wale wasioridhika na sauti hiyo walitafuta nyingine. Wengi waliipata Makka. Kwa safari za hija, kwa masomo ya vijana wetu katika vyuo vya Uarabuni, kisha kwa televisheni za setilaiti na simu, tangazo la Saudia likawa linafika Tandale na Majengo kabla ya tangazo la nyumbani. Kumfuata aliye mbali kukawa, kwa baadhi yao, namna ya kumkataa aliye karibu. Asiyelielewa hilo hataelewa kwa nini mahubiri ya umoja hayajamaliza mabishano haya. Watu hawatofautiani kuhusu anga tu. Wanatofautiana kuhusu nani anawawakilisha.

Nchi zetu zilipambana na swali hili hata nje ya dini. Mwaka 1960 Wamarekani walijenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomsikiliza. Vyama vya siasa vya Visiwani vilikitilia shaka kituo hicho, na mwezi Aprili 1964, miezi mitatu baada ya Mapinduzi, kilifungwa. Kenya ilikwenda njia nyingine. Kutoka jukwaa la Waitalia lililojengwa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, na jina hilo limebaki katika vitabu vya unajimu vya dunia nzima. Neno letu lilikwenda angani. Takwimu zake zilisomwa kwingine.

Hesabu inaweza nini?

Wanafunzi wangu huuliza, na huuliza kwa haki: ikiwa wataalamu wanajua sekunde ambayo jua litapatwa miaka 50 ijayo, kwa nini tusihesabu tukapumzika?

Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili. Kuzaliwa kwa mwezi, yaani kupita kwake kati ya dunia na jua, hujulikana kwa hesabu bila shaka yoyote. Kuonekana kwake ni jambo jingine. Hilali yenye umri wa chini ya saa 15 hivi ni nadra mno kuonekana kwa macho matupu. Baada ya hapo hutegemea umbali wake na jua, kimo chake juu ya upeo, unyevu wa hewa, mawingu ya masika na macho ya mtazamaji. Hesabu inaweza kutuambia kwa yakini lini haiwezekani: ikiwa mwezi umezama kabla ya jua, yeyote anayedai kuuona baada ya magharibi amekosea. Inaweza kutuambia lini ni rahisi. Katikati kuna siku zenye shaka, na hapo ndipo shahidi bado ana kazi.

Watu wengi pia hudhani kwamba tunatofautiana na Makka kwa sababu ya umbali wa mashariki na magharibi. Si hivyo. Makka iko karibu nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa iko 39.7. Jua hutua katika miji hiyo kwa saa zinazokaribiana. Hilali huwa rahisi zaidi kuonekana kadiri mtu anavyokwenda magharibi, lakini kati ya Makka na Mombasa tofauti hiyo haipo. Tofauti zetu hutokana zaidi na latitudo, mawingu, na utaratibu wa kupokea ushahidi. Kalenda ya Umm al-Qura, itumikayo Saudia kwa shughuli za kiserikali, tangu mwaka 2002 huhesabu mwezi umeingia ikiwa umezaliwa kabla ya jua kutua Makka na ukazama baada yake, hata kama hakuna jicho linaloweza kuuona. Mwezi wa ibada hutangazwa huko kwa ushahidi, lakini kalenda hiyo ndiyo iliyo katika simu za vijana wetu. Hivyo mtu anaweza kudhani anafuata Makka, kumbe anafuata programu.

Tunachoweza kuokoa

Sipendekezi kwamba kadhi akae pembeni, wala kwamba dola ilazimishe mwezi mmoja. Historia inaonyesha kwamba shuruti huzaa Idi ya pili. Napendekeza mambo madogo zaidi, yanayowezekana.

La kwanza ni kwamba anayetangaza aseme pia sababu. Tangazo la mwezi lisiwe sentensi moja. Liseme umeonekana wapi, saa ngapi, na watu wangapi, na ikiwa ushahidi fulani umekataliwa, liseme umekataliwa kwa nini. Majina ya mashahidi si lazima. Hoja ni lazima. Utaratibu huo si mgeni, ndio uliokuwa wa makadhi wetu. Na ofisi itakayozoea kueleza sababu katika jambo la mwezi huenda ikazoea kuzieleza katika mambo ya ardhi, ajira na bajeti.

La pili ni kwamba vyuo vyetu vichapishe, kwa Kiswahili, kabla ya kila mwezi mwandamo, hesabu ya kuonekana kwa hilali katika miji yetu wenyewe, ili kadhi, mwandishi wa habari na mkulima wawe na kipimo kimoja mkononi. Hesabu isiwe hakimu. Iwe msaidizi wa hakimu.

La tatu ni kwamba turudishe majina. Mtoto wa darasa la tano afundishwe kwamba Zohali ni ile inayoonekana, na Utaridi ni ile ya karibu na jua, kisha atolewe nje ya darasa azione. Zuhura haihitaji maabara. Mushtari haihitaji mfadhili.

Mzee anayetoka nje jioni ya tarehe 29 hufanya jambo ambalo kijana mwenye simu amelisahau: anakwenda kuhakikisha mwenyewe. Pengine ataona mawingu tu, arudi ndani, afunge siku ya 30. Hata hivyo amekwenda. Taifa lenye watu wa namna hiyo si rahisi kudanganywa, si kuhusu mwezi wala kuhusu kilicho chini yake.